Nano kwenye chupa ya mafuta: naomba radhi, halafu tuzungumze

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa na baadhi yenu mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa na deni, na niliona aibu kuandika jambo lingine lolote kabla sijalilipa. Leo nalilipa.

Mwaka jana mhariri alinituma kwenye uzinduzi wa mafuta ya nywele katika hoteli moja hapa Dar. Kampuni siitaji, maana nia yangu leo si kugombana nayo. Uzinduzi mnaujua ulivyo: maji ya chupa, sambusa, bango kubwa lenye picha ya msichana mwenye nywele hadi kiunoni, na mzungumzaji mwenye tai. Akasema mafuta yake ni mimea ya asili tupu, na yametengenezwa kwa "teknolojia ya nano" inayopeleka lishe moja kwa moja hadi kwenye mzizi wa unywele. Upara kwisha habari yake! Tukapiga makofi. Mwishoni tukapewa bahasha ya "nauli" na chupa moja moja. Nikarudi ofisini, nikaandika aya tisa, kesho yake habari ikatoka na picha.

Sikuuliza swali hata moja. Sikuuliza nano maana yake nini, imepimwa wapi, imejaribiwa kwa nani. Nilinakili alichosema yule bwana, nikaweka jina langu juu.

Mama mdogo wangu anakaa Morogoro. Aliikata ile habari gazetini akaiweka kwenye pochi, kwa sababu aliyeandika ni mtoto wa dada yake. Utosini nywele zilikuwa zimeanza kupungua, panawasha, na akichana panauma. Akanunua chupa ya kwanza kwa shilingi 45,000. Akanunua ya pili, na ya tatu. Miezi minane! Mimi sina habari. Alipokuja Dar kwenye msiba akavua kilemba chumbani, nikaona utosi unang'aa kama kiganja cha mkono.

"Mama mdogo, hii imeanza lini?"

Akanijibu bila hasira yoyote: "Si natumia ile dawa uliyoiandika, mwanangu. Nasubiri ifike kwenye mzizi."

Tulikwenda kwa daktari wa ngozi. Akamwangalia kwa lenzi, akakata kipande kidogo cha ngozi kwa ajili ya kipimo, na jibu likarudi kwamba ni ule upara wa makovu unaoanzia utosini na kusambaa kwa mduara, ambao huwapata zaidi wanawake weusi. Daktari alieleza kwa upole: ugonjwa huu huanza na uvimbe usioonekana kuzunguka mzizi wa unywele. Ukiwahiwa, zipo dawa za kutuliza uvimbe na unaweza kusimamishwa. Ukichelewa, mwili unaziba kishimo cha unywele kwa kovu, na palipozibwa kwa kovu hapaoti tena. Sehemu ya zile nywele za mama mdogo ndiyo imekwenda hivyo. Zilizobaki zinatibiwa.

Basi hilo ndilo deni langu. Tangu siku ile nimekuwa nikisoma kuhusu jambo hili usiku na mchana, na katika kusoma nimekutana na kitu ambacho sikukitarajia. Nilidhani nitagundua kwamba nano ni uongo mtupu na mimea ni uongo mtupu, niandike makala ya hasira, yaishe. Sivyo. Nano ya kweli ipo, na mimea ina hoja yake. Kilichokuwa uongo ni ile chupa, pamoja na habari yangu. Na ninaamini kwamba sisi Watanzania tungeweza kulifanya jambo hili vizuri kuliko wale waliotuuzia. Naomba mnivumilie nieleze.

Tuanze na ngozi. Ngozi imeumbwa kuzuia vitu visiingie. Tabaka lake la juu ni kama ukuta: seli zilizokufa ndizo matofali, na katikati yake pamesiliwa mafuta. Ukijipaka kitu, sehemu kubwa inabaki juu ya ukuta, inakauka, inafutwa na mto ukilala. Mzizi wa unywele wa kichwani uko chini sana, milimita kama 4 hivi. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu dawa yoyote ya kupaka, iwe ya kiwandani au ya bibi, ni kama inafika huko.

Dawa ya kupaka inayojulikana zaidi duniani kwa upara ni minoksidili. Hiyo ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu. Wagonjwa wakaanza kuota nywele mahali wasipotaka, watafiti wakashtuka, na mwaka 1988 Marekani ikairuhusu kama dawa ya kupaka kichwani kwa wanaume. Inasaidia baadhi ya watu, si wote, na ukiacha kupaka faida inapotea. Lakini ile ya maji huchanganywa na spiriti na kemikali nyingine ya kuisaidia kupenya, na hizo ndizo zinazowasha vichwa vya wengi hadi wanaiacha.

Hapo ndipo nano inapoingia. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Unywele mmoja una unene wa kama nanomita 80,000. Sasa fikiria kijipuli kidogo cha mafuta chenye upana wa nanomita 300, na dawa imefungwa ndani yake. Hicho ndicho wanasayansi wanachokiita kibebeo cha nano. Si jambo la jana. Mapema miaka ya 1960 Mwingereza Alec Bangham, karibu na Cambridge, aliona kwamba mafuta ya aina ile inayojenga kuta za seli, ukiyatia majini, yanajikunja yenyewe kuwa vipuli. Vikaitwa liposomu. Mwaka 1986 Dior iliviweka kwenye krimu ya uso. Mwaka 1995 Marekani iliruhusu dawa ya saratani iliyofungwa ndani ya vipuli hivyo. Na chanjo za UVIKO-19 za Pfizer na Moderna zilizoanza kutolewa mwishoni mwa mwaka 2020 zilisafirishwa mwilini ndani ya vipuli vya mafuta vya jamaa hiyohiyo.

Kwa nywele, kazi iliyonivutia zaidi ilifanyika Berlin, katika hospitali ya chuo kikuu iitwayo Charité, na kundi la Jürgen Lademann. Mwaka 2007 walieleza walivyopaka rangi kwenye ngozi ya nguruwe kwa namna mbili: moja ikiwa imefungwa ndani ya chembe za nanomita 320, nyingine ikiwa huru. Ngozi iliposuguliwa taratibu, ile ya chembe ilizama chini zaidi ndani ya vishimo vya nywele, na vipimo vyao vilionyesha kwamba chembe zinaweza kukaa humo hadi siku 10. Zisiposuguliwa, tofauti hiyo haikuonekana. Maelezo yao ni haya: unywele kwa nje una magamba yaliyopangana kama magamba ya samaki. Ukisugua, unywele unacheza ndani ya kishimo chake, na yale magamba yanazisukuma zile chembe chini hatua kwa hatua.

Niliposoma hapo nikacheka peke yangu. Bibi yangu alikuwa anasema mafuta yasiposuguliwa ni kupaka ukuta rangi. Hakwenda Berlin.

Sasa mimea. Mwaka 1998, huko Aberdeen, Uskochi, madaktari waliwagawa wagonjwa 86 wenye upara wa mabaka, ule ambao kinga ya mwili inashambulia mizizi ya nywele. Kundi moja lilisugua kichwani kila siku mafuta yenye rozimari, zaatari, lavenda na mti wa mwerezi. Kundi la pili lilisugua mafuta ya kubebea tu, bila hiyo mimea. Baada ya miezi 7, asilimia 44 ya kundi la kwanza walikuwa wamepata nafuu, dhidi ya asilimia 15 ya kundi la pili. Mwaka 2002, Baghdad, madaktari walijaribu maji ya kitunguu kwa upara huohuo: katika wagonjwa 23 waliopaka, 20 walikuwa wameota nywele kufikia wiki ya sita. Mwaka 2015, Iran, wanaume 100 wenye upara wa kurithi waligawanywa, nusu wakatumia mafuta ya rozimari, nusu minoksidili ya asilimia 2. Kwenye mwezi wa tatu hakuna kilichobadilika kwa kundi lolote. Kwenye mwezi wa sita wote walikuwa wameongeza nywele kidogo, na makundi hayakutofautiana.

Msikimbilie sokoni bado! Hayo majaribio ni madogo. Lile la Iran halikuwa na kundi lililopaka kitu kisicho dawa, kwa hiyo huwezi kuwa na uhakika kilichosaidia ni nini. Upara wa mabaka mara nyingine hupona wenyewe. Lakini kumbukeni, hizo ni chupa za kawaida, mafuta ya kawaida. Na mimea ina matatizo yake: mafuta ya rozimari yanaruka hewani, ile rangi ya manjano iliyomo ndani ya binzari haiyeyuki majini, vingine vinaharibiwa na jua, na ukizidisha kipimo ngozi inaungua. Kibebeo cha nano kinatibu hasa magonjwa hayo ya mmea: kinauzuia usiruke, kinaufikisha kwenye kishimo, kinauachia kidogo kidogo. Ndiyo maana maabara nyingi zinajaribu kuoanisha vitu hivi viwili, na mimi nasema wana hoja.

Ila nao nisiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa. Sehemu kubwa ya kazi hizo imeishia kwenye masikio ya nguruwe na migongo ya panya walionyolewa. Panya manyoya yake huota kwa mafungu, kwa kupokezana, tofauti na kichwa cha binadamu ambako kila unywele una ratiba yake. Dawa ikiotesha panya manyoya siku 20, hiyo ni habari njema kwa panya. Unywele wa mtu hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo jaribio la maana kwa binadamu ni miezi 6 au zaidi, na lina gharama. Wengi wanaishia njiani. Wauzaji wanalichukua neno, wanaiacha kazi.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo lililomuumiza mama mdogo. Kunyonyoka nywele si ugonjwa mmoja. Kuna upara wa kurithi unaotokana na homoni. Kuna upara wa mabaka. Kuna mapunye ya watoto, ambayo ni fangasi na yanataka dawa ya fangasi ya kumeza. Kuna nywele za mzazi zinazodondoka miezi michache baada ya kujifungua, halafu zinarudi zenyewe. Kuna upungufu wa madini ya chuma. Kuna kukatika kwa nywele za mbele kwa sababu ya kusuka kwa kukaza, na hapa akina dada wenzangu tusidanganyane, dawa yake ya kwanza ni kulegeza. Na kuna ule wa makovu. Mwaka 2019 watafiti, miongoni mwao Profesa Ncoza Dlova wa Durban, walichapisha kwamba baadhi ya wanawake wenye upara huo wana hitilafu katika jini liitwalo PADI3, linalohusika na kujenga unywele. Yaani miaka yote hiyo mwanamke mweusi aliambiwa amejiharibu mwenyewe kwa kitana cha moto na dawa ya kulainisha, kumbe kwa wengine mlango ulikuwa umeachwa wazi tangu tumboni mwa mama.

Chupa moja haiwezi kutibu yote hayo. Anayekuambia inaweza, hajui anachouza, au anajua vizuri sana.

Sasa maoni yangu. Nasema tuifanye kazi hii hapa nyumbani, na tuifanye kwa haki.

Najua mtaniuliza, nano na sisi wapi na wapi? Jamani, tunayo. Mwaka 2015 Dk. Askwar Hilonga, mhadhiri wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha, alipata tuzo ya ubunifu wa kihandisi barani Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, na alichobuni ni chujio la maji la nano. Pale Moshi, KCMC, kuna kituo cha kufundishia wataalamu wa ngozi cha ukanda huu, kilichofunguliwa mwaka 1992. Kituo hicho kimekuwa na kitengo kinachotengeneza losheni ya kuzuia jua iitwayo Kilisun kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino. Kitu cha kupaka, chenye viwango, kimetengenezwa Tanzania, kwa ngozi ya watu wetu. Muhimbili kuna Taasisi ya Tiba Asili. Mimea tunayo: nyonyo, nazi, karafuu ya Pemba, mshubiri, mlonge. Arusha hadi Moshi ni safari ya basi ya saa mbili hivi. Kinachokosekana ni watu hawa kukaa meza moja na mtu wa kuwalipia.

Wengine watasema nywele ni urembo, nchi ina malaria. Nimelisikia hilo hata chumba cha habari. Mwambie mama mdogo wangu ambaye hajavua kilemba mbele ya mumewe tangu mwaka jana. Mwambie mwanamke anayekatisha mahari ya mwanawe ili anunue chupa. Fedha tayari inatumika, wadau! Kila mtaa una duka la mafuta ya kuotesha. Swali ni kama fedha hiyo iendelee kununua maneno, au inunue kitu kilichopimwa. Na kibebeo kinachofikisha dawa ya nywele kwenye kishimo kinaweza kesho kufikisha dawa ya fangasi au ya chunusi. Anayejifunza kutengeneza kimoja amejifunza vingi.

Wapo pia watakaosema dawa za bibi hazihitaji maabara. Nawaheshimu. Lakini bibi alikuwa na kipimo ambacho chupa za dukani hazina: alimjua mgonjwa wake. Alikuwa anarudi kesho kutwa kukuangalia kichwa, na mambo yakiharibika alikuwa anasemwa mtaa mzima. Mwenye chupa hayupo mtaani kwako. Jaribio la kisayansi ndilo linalochukua nafasi ya lile jicho la bibi.

Na haki ninayoisema ni hii. Mmea ukitoka kwa mganga wa kijijini, jina lake na fungu lake viandikwe kabla ya hataza kuandikwa. Majaribio yafanywe kwa nywele zetu za kipilipili, si kuazima majibu ya nywele za Wairani na Waskoti. Na sheria itendewe kazi: tangu mwaka 2019 vipodozi viko chini ya TBS, na dawa ziko chini ya TMDA. Chupa inayosema inalainisha nywele ni kipodozi. Inayosema inatibu upara inadai kuwa dawa, basi ipelekwe kwenye mlango wa dawa ikaulizwe maswali ya dawa. Ulaya tangu mwaka 2013 kipodozi chenye malighafi ya nano isiyoyeyuka kinatakiwa kuliandika neno nano kwenye orodha ya vilivyomo, baada ya jina la malighafi yenyewe. Hapa neno hilo linaandikwa kwenye bango, karibu na picha ya msichana.

Mpaka hayo yatimie, nawaachia maswali matatu ya kumuuliza muuzaji. Mosi: ndani ya hicho kibebeo kuna nini, na kiasi gani? Pili: imejaribiwa kwa binadamu wangapi, kwa miezi mingapi, na waliolinganishwa nao walipaka nini? Tatu: ni ya upara wa aina gani? Akishindwa moja, rudisha pochi mfukoni. Na ukiona utosi unawasha, unauma na unang'aa, usinunue chochote. Nenda kwa daktari wa ngozi wiki hiyohiyo. Miezi minane ni mingi.

Kwa waandishi wenzangu nina moja tu. Ile bahasha niliipokea, na ilikuwa shilingi 30,000. Mama mdogo alitumia 135,000 kwa chupa tatu, na nywele zilizokwenda hazina bei. Nimempigia mhariri, nimeomba gazeti lichapishe masahihisho. Amesema atafikiria. Nikamwambia wakati anafikiria nitaandika hapa kwangu, na ndiyo haya mmeyasoma.

Mama mdogo nimemsomea kwa simu kabla sijayaweka. Alinyamaza kidogo, akasema, "Sawa. Ila useme pia kwamba sikulaumu." Basi nimesema. Lakini najilaumu mwenyewe, na nadhani ndivyo inavyopaswa.

Nawasilisha. Wenye utaalamu wa famasia na ngozi, nikosoeni pale nilipokosea, nitasahihisha hapahapa na kwa jina langu.